Asante ya Mama Pindo kwa Kifaransa

Mama Pindo ni fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake hazifumuki.

Binti yake ameolewa mbali, kwa watu wanaosema Kifaransa. Alipojifungua aliugua sana. Mama mkwe wake ndiye aliyemuuguza. Alimlisha, akamwogesha, akambembeleza mtoto. Sasa binti alikuwa amepona, na wote watatu walikuwa wanakuja kutembea.

Mama Pindo alitaka kumshukuru yule mama kwa kinywa chake mwenyewe. Binti akamtumia maneno kwenye simu: Merci beaucoup pour ma fille. Yaani, asante sana kwa ajili ya binti yangu.

Akayasoma kama Kiswahili. "Meriki beaukoupu." Mumewe akauliza kama anashukuru au anapiga chafya. Mama Pindo hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

Akamwendea jirani yake, dada anayejua Kifaransa kwa kuwa anafanya kazi mapokezi hotelini. Dada akamweleza kwamba katika Kifaransa si kila herufi hutamkwa. Kwanza ukate neno silabi kwa silabi. Konsonanti mbili zikikutana katikati, mara nyingi huachana: mer-ci. Herufi c ikitangulia i husomwa s. Basi ni mer-si.

"Na hili refu?" aliuliza Mama Pindo.

"Beau-coup. Silabi mbili tu. Herufi e, a, u zikiungana hivi, ni sauti moja, o. Nazo o na u pamoja ni u. Sema bo-ku."

"Na p ya mwisho?"

"Iache, mama. Inaandikwa, haisemwi."

Neno fille lilimsumbua zaidi. Dada akamwambia ni silabi moja, fiy, kwa kuwa l mbili hapo husikika kama y. Mama Pindo akarudia akishona, akarudia akipiga pasi, hata mumewe naye akajikuta anasema bo-ku.

Wageni wakafika. Mlangoni, Mama Pindo alimshika yule mama mikono yote miwili. Maneno yalitoka sawasawa.

"Mer-ci beau-coup pour ma fille."

Yule mama akamchukua mtoto kwa binti, akamweka mikononi mwa Mama Pindo, akamwambia mtoto polepole neno alilofundishwa njiani na mkwewe:

"Bi-bi."