Yule Mtu Nyuma ya Mtangazaji

Kila alasiri alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kumfungulia Bibi televisheni ya nyumbani, nchi waliyotoka. Chiriku halikuwa jina lake halisi. Mama yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu aliongea tangu kuamka hadi kulala. Alipoingia alivua viatu, akamwamkia bibi yake, akanawa mikono, kisha akaegemeza kishikwambi kwenye chupa ya chai juu ya meza ya jikoni na kuitafuta stesheni yao kwenye mtandao. Bibi alikuwa ameshajitayarisha, kitambaa kichwani na miwani puani, kama mtu anayengoja wageni wa heshima.

Walikuwa watu watatu tu ugenini. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, akirudi jioni na unga kwenye nyusi. Bibi, mama yake mama, aliletwa baadaye, Babu alipofariki, ili asibaki peke yake. Lugha ya huko ilikataa kabisa kumwingia. Dukani alinyoosha kidole, na kwenye ngazi za jengo aliwajibu majirani kwa kutabasamu. Lakini televisheni ya nyumbani ikifunguka alirudi kuwa mtu mwenye maneno yake. Alibishana na wasoma habari, akawasuta watabiri wa mvua. Zaidi ya yote alipenda kipindi cha masokoni, ambamo mtangazaji mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alipita kwa wachuuzi na kipaza sauti, akiwauliza wanauza nini na maisha yanakwendaje.

Tatizo lilikuwa mtandao. Matangazo ya moja kwa moja yalikwama kila mara, mtangazaji akabaki mdomo wazi, na Chiriku alilazimika kukaa pale akigusa kioo hapa na pale mpaka picha itembee tena. Wakati huohuo, chini uwanjani, wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita jina lake.

Siku moja aligundua kwamba stesheni ile iliweka vipindi vya zamani, na kwamba kipindi kilichorekodiwa, kikishapakuliwa, hakikwami hata kidogo. Akachagua kimoja cha sokoni, akakitazama kidogo kuhakikisha kinakwenda, akamwambia Bibi kuwa leo mtandao umeshika vizuri. Kisha akashuka ngazi mbiombio. Kesho yake akaweka kilekile, kwa kuwa kilikuwa tayari, na kesho kutwa vilevile.

Bibi hakuwa mjinga. Aliuliza mbona yule mama wa vitunguu anasema maneno ya jana. Chiriku alijibu upesi kwamba soko ni lilelile na watu ni walewale, watasema nini kipya? Bibi alijipapasa paji la uso, akasema labda ni yeye anayechanganya siku. Tangu hapo hakuuliza tena.

Baada ya hapo, alasiri moja Chiriku alipanda kutoka uwanjani akasikia Bibi akizungumza jikoni. Hakuwa akibishana na mtangazaji. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kusitasita, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kama anayesikiliza jibu. Chiriku alisimama kwenye ujia, mkono ukutani. Alipochungulia aliona vikombe viwili vya chai mezani. Kimoja kilikuwa mkononi mwa Bibi. Cha pili kilikuwa mbele ya kishikwambi, kimejaa, kinafuka mvuke, na hapakuwa na mtu.

Aliuliza nani amekuja.

"Babu yako," alisema Bibi, kwa wepesi wa mtu anayesema kapita mleta barua.

Akaeleza bila haraka. Nyuma ya mtangazaji, anapozungumza na yule mama wa vitunguu, hupita mtu mwenye shati la kijivu. Bega lake la kushoto limeinama kama la Babu, ambaye alikuwa mwashi na aliwahi kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi. Mtu huyo husimama, hugeuka, hutazama moja kwa moja jikoni kwao, kisha huinua mkono na kuita. Siku ya kwanza Bibi alidhani macho yanamchezea. Lakini mtu yule alikuja siku ya pili, na ya tatu, kwa saa ileile na shati lilelile.

"Walio hai hubadilisha nguo," alisema. "Yule habadilishi."

Kesho yake Chiriku hakwenda kucheza. Alikaa kando ya Bibi akitazama nyuma ya mtangazaji, mahali ambapo hakuwahi kupatazama. Akamwona. Mtu mrefu alitokea kati ya magunia, akasimama, akageuka taratibu. Macho yake yalipita juu ya bega la mtangazaji, yakaja moja kwa moja mezani kwao. Akainua mkono, kiganja chini, akaita. Chiriku alijua vizuri kuwa hicho ni kipindi cha zamani alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo vinyweleo vilimsimama.

"Umeona?" Bibi alinong'ona. "Na kila siku namwona karibu zaidi."

Chiriku alijilazimisha kucheka, akasema mtu wa kwenye televisheni atasogea vipi. Lakini siku iliyofuata alipotoka chooni na kuingia jikoni, alikuta uso wa mtu yule umejaa kioo kizima. Macho, pua, mikunjo ya paji la uso, vyote vikubwa kuliko vya mtu halisi, vimetulia tuli, na Bibi amekaa mbele yake, vidole hewani. Alikijua kipindi kile. Hakuna mtu aliyeikaribia kamera namna ile. Alikilaza kishikwambi kifudifudi, akawasha taa zote za nyumba ingawa jua lilikuwa bado dirishani.

Alijaribu kurudisha matangazo ya moja kwa moja. Yalikwama, yakaenda, yakakwama, na mtu yule hakuwemo. Bibi alihangaika, akazunguka meza akiuliza amekwenda wapi, amemkosea nini. Chiriku akaogopa kumwona vile, akakirudisha kipindi cha zamani. Njia iliyobaki ya kukiondoa ilikuwa kusema ukweli, na kila alipofungua mdomo kuusema, msichana huyo aliyezoea kuongea bila kupumua alikosa neno.

Hatimaye Bibi alimsimulia Mama. Baadaye Mama alimwita Chiriku pembeni, akamuuliza kama amewahi kumwona mtu anayesemwa. Chiriku aliangalia vidole vyake vya miguu. "Sijaona mtu," alisema. Jioni hiyo alimsikia Mama akimwambia dada yake kwenye simu kwamba mama yao ameanza kuona vitu visivyokuwepo, na sauti ya Mama ilikuwa ya mtu anayezuia kilio.

Bibi naye alianza kujiandaa. Aliufua mtandio wake wa safari akauanika dirishani. Alivikunja vitu vyake vichache kwenye mkoba akauweka karibu na mlango. Vidonge vyake vya shinikizo la damu aliviacha kwenye kopo, na Chiriku alipomkumbusha, alijibu kwa upole kwamba huko anakoitwa havitahitajika. Chiriku aliyaelewa maneno hayo, lakini bado hakumwambia Mama.

Ilikuwa alasiri, mtangazaji akiwa amefika kwa mama wa vitunguu, Chiriku aliposikia kikombe kikivunjika. Alimkuta Bibi sakafuni, mdomo umepinda kidogo kwa maumivu, mkono umenyooshwa kuelekea kioo. Kwenye kioo, mtu wa shati la kijivu alikuwa anaita. Chiriku alipiga kelele hadi jirani wa mlango wa pili, mshona nguo, akaja na futi yake ingali shingoni. Yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa na kumpigia Mama simu kiwandani.

Hospitalini, Mama alikuwa bado njiani, na daktari hakujua lugha ya Bibi. Ikabidi Chiriku awe mkalimani. Bibi alikuwa amezinduka, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho yake yakihama kutoka mdomo hadi mdomo. Daktari, mwanamke mwenye nywele fupi, aliuliza kwa nini aliacha dawa. Bibi alijibu kwa kirefu, habari ya Babu, ya soko, ya mkono unaoita, na Chiriku akatafsiri yote. Daktari alimsikiliza, kisha akamgeukia muuguzi na kusema kwa sauti ndogo kwamba mzee anayeona wafu hawezi kuachwa nyumbani na mtoto, na kwamba ziko nyumba za kuwatunza waliopotewa na akili. Hakukusudia Chiriku ayasikie, lakini Chiriku aliyasikia. Mama pia aliyasikia, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na aproni yake ya unga.

"Anasema nini?" Bibi aliuliza. "Mwambie mimi si kichaa. Wewe si ulimwona?"

Chiriku aliutazama mkono wa Bibi uliofungwa mpira wa dawa.

"Bibi haoni vitu visivyokuwepo," alisema katika lugha ya daktari. "Yule mtu yupo. Mimi ndiye ninayemweka pale kila siku."

Kisha akayasema yote, mtandao uliokwama, kipindi cha zamani, michezo uwanjani, na uongo aliomwambia Mama. Alipomaliza alilazimika kuanza upya katika lugha ya Bibi, na hilo ndilo lililomtoa machozi. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alipokwisha, aligeuza uso ukutani.

Daktari alivuta kiti. Safari hii alimwomba Mama atafsiri, akamuuliza Bibi maswali mengi ya kupima kumbukumbu na akili, na Bibi akayajibu bila kukosea, mengine kwa kejeli. Daktari alikiri kwamba alikuwa ameharakisha. Akili ya mgonjwa haina kasoro, alisema. Kilichomwangusha ni shinikizo la damu lililopanda alipoacha vidonge. Walimlaza hapo mpaka liliposhuka, wakamruhusu arudi nyumbani.

Siku aliyorudi, Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka kukiona kile kipindi, chote, wote watatu wakiwa pamoja. Chiriku alikiweka. Mtu wa shati la kijivu alipotokea, alishindwa kujizuia, akauliza ilikuwaje uso ule ukajaa kioo. Bibi aliinua vidole viwili, akavigusisha kwenye picha na kuvitanua, na mtu yule akakua papo hapo mbele yao.

"Nilikuwa namvuta," alisema. "Si ndivyo ulivyonionyesha tukitazama picha za binamu zako? Kila siku nilimvuta kidogo zaidi, nimwone vizuri."

Mama aliirudisha picha katika ukubwa wake, akawaambia watazame ukingoni. Mtu yule aliinua mkono, akaita. Baada ya kitambo, kutoka upande mwingine, mwanamke mmoja alikuja akisukuma mkokoteni, na yule mtu akaanza kupakia magunia. Kila mara Bibi alipokuwa amemvuta karibu, mkokoteni ulibaki nje ya kioo.

"Kumbe alikuwa anaita mkokoteni," Bibi alisema. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilipoisha machozi yalibaki, na Mama alimkumbatia, kwa kuwa wote walielewa kwamba Babu alikuwa ameondoka mara ya pili.

Chiriku alipiga magoti akaomba msamaha. Bibi alimwinua akamkalisha kwenye kiti kando yake.

"Kipindi cha zamani hakina ubaya," alisema. "Ungeniambia ni cha zamani, ningekitazama hata mwaka mzima. Lakini nilipokuuliza habari ya yule mama wa vitunguu, nilikuwa sahihi, na wewe ukanifanya nijione nimekosea. Tangu siku hiyo niliacha kuyaamini macho yangu, nikaanza kuamini mengine. Ukimdanganya mtu, mjukuu wangu, usifikiri umemficha jambo moja tu. Unamwacha gizani apapase peke yake, na anayekupenda ndiye atakayekwenda mbali zaidi, kwa sababu hatakushuku. Mama yako naye ulimdanganya, akaamini akili imenipotea."

Chiriku alikubali kwa kichwa. Mama aliongeza tu kwamba vidonge vitanywewa mbele ya watu, na Bibi akaguna lakini hakubisha.

Alasiri iliyofuata stesheni ilikwama tena. Kutoka uwanjani wenzake walikuwa wanamwita. Chiriku alisimama mbele ya bibi yake, akasema mtandao haupatikani na kwamba yeye anataka sana kwenda kuruka kamba.

"Nenda," alisema Bibi, akivuta sinia la mchele achambue. "Ukirudi utanisimulia nani kashinda."

Chiriku alishuka ngazi taratibu, akishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.