Unga Ulioongezeka Uzito

Unga ulipotoka tanurini ulikuwa umeongezeka uzito.

Mkemia aliifuta mizani, akaupima tena. Alikuwa amepika zeolaiti mpya, jiwe lenye vyumba vidogo mno ndani yake. Vyumba hivyo hujijenga kuzunguka chembe za dawa, kisha dawa huchomwa moto ili vibaki vitupu. Kitu kilichochomwa hupungua. Hiki kilikuwa kimenenepa.

Hakushtuka. Siku hizi hakuna kilichomshtua. Mumewe alikuwa na miezi mitatu kaburini, na watu walimsifu kwa kujikaza. Kujikaza wapi! Alikuwa hasikii kitu, basi. Wiki ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka, akarudi kazini, akaufungua mtungi wa chuma alimopikia mawe yale, na tangu asubuhi hiyo hakutoa chozi.

Siku ya pili fundi wa eksirei alimwita kwa mkono. Alikuwa mtu mzima, ambaye wenzake walimtania kwa kusoma dua kabla ya kuwasha mashine.

"Dada, vyumba si vitupu," alinong'ona. "Tazama."

Kwenye picha ya kompyuta, ndani ya kila chumba, kulikuwa na kivuli kilichochutama.

"Maji hayo. Unga huu unakunywa unyevu."

"Maji hayana magoti, dada yangu. Jana kilikuwa kimeinamisha kichwa. Leo kinatutazama."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na maabara ilinukia shati lililotoka kupigwa pasi, shati la kazini la mumewe. Fundi alianza kusoma dua. Mkemia aliandika namba daftarini.

Shule zilipofungwa alikuja kazini na bintiye wa miaka saba, aliyeitwa Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele. Pengo alikitikisa kichupa cha unga sikioni.

"Mama, kuna mtu anakohoa humu."

"Kiweke chini, ukacheze nje."

Mtoto alitoka mbio, akateleza ukumbini, goti likapasuka, na mkemia akasimama akisubiri kilio, na kilio hakikuja, Pengo amekaa tu sakafuni akiitazama damu yake ikichuruzika mpaka kwenye soksi kana kwamba goti ni la mtu mwingine.

"Haliumi, Mama. Hata Baba simlilii tena."

Hapo hofu ikamfikia, ya kwanza baada ya miezi mitatu. Alimpeleka mtoto ofisini, akamfunga kitambaa, kisha akarudi kwa fundi.

"Kinakunywa uchungu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kimenimaliza mimi, sasa kimemhamia mtoto."

"Kiyeyushe. Ila ujue, vyote kilivyokunywa vitarudi kwa mpigo mmoja."

Ule ndio unga pekee uliokuwepo, na nyuma yake kulikuwa na miaka sita ya kazi. Aliumimina wote kwenye asidi, fundi akisoma dua nyuma yake, na bilauri ikapata joto, harufu ya shati ikapanda, kikatoka kikohozi, kile cha mumewe cha kila asubuhi, kimoja, viwili, kikawa kikohozi cha mtu anayezama, kisha kimya. Alilia amelala sakafuni, na ofisini Pengo naye akapiga ukelele: "Goti langu! Mama, goti linauma!"

Alimkumbatia, wakalia pamoja mpaka saa ya kufunga. Alishukuru kwa kila chozi.

Jioni hiyo, macho yakiwa yamevimba, alikisuuza kwa maji matupu kile kikombe cha plastiki kinachokaa ndani ya mtungi wa chuma. Kila anayepika mawe hayo anajua kwamba kikombe huoshwa kwa asidi, kwani mbegu za jiwe hubaki kwenye mikwaruzo, na mbegu moja inatosha kuotesha jiwe lile lile upya.

Wiki mbili baadaye alimkuta fundi akikomba unga mweupe kutoka kwenye kikombe kile kile. Fundi alikuwa amepika zeolaiti ya kawaida, ya kujaribia mashine yake. Mashine ilikuwa imeshawashwa, na leo hakuna aliyesikia dua. Chupa ilikuwa imevunjika mkononi mwake, na damu ilidondoka mezani taratibu.

"Fundi, mkono wako!"

Aliutazama kwa upole.

"Ala," alisema. "Wala sikusikia."