Mwale Uliotoboa Bomba

"Wewe! Toa mguu wako kwenye kasha langu!"

Ndivyo Ghislaine Perrottet alivyomsalimu Corentin Jaquier ndani ya tramu iliyofurika pale kituo cha Cornavin. Koti la Ghislaine lilikuwa jekundu, skafu imempanda hadi puani, macho yanawaka.

"Samahani, mrembo. Umebeba mayai?"

"Almasi."

Corentin akacheka, lakini ilikuwa almasi kweli, kipande chembamba kama ukucha. Kwa almasi hiyo Ghislaine alikuwa akiunda kitambuzi cha kuchunga mwale wa chembe ndogo za atomu, zinazokimbizwa kwa kasi katika mashine kubwa ya chini ya ardhi. Kumbe Corentin naye ni mwendeshaji wa mashine hiyohiyo. Theluji ilipoyeyuka walikuwa tayari wanaitana mpenzi.

Kisha siku moja kitambuzi kikapiga king'ora: mwale unahama njia. Watu wa chumba cha uendeshaji wakakizima. Haukupita muda, mwale ukatoboa bomba unamopita, mashine ikasimama. Mkuu wa zamu akatangaza kwamba kitambuzi ni kibovu.

Ghislaine akampigia Corentin simu.

"Corentin, nani amekizima?"

Corentin akajikohoza.

"Nakuuliza!"

"Mimi. Bosi aliniamuru, mpenzi, na..."

"Usiniite mpenzi! Kazi yangu yote ile, umeizima kama taa ya choo! Na wakinitukana unanyamaza?"

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu za Corentin. Maua aliyoletewa aliyatupa pipani, karatasi na vyote.

Siku ya kikao cha kuchunguza ajali hiyo, mkuu wa zamu alisimama na tai yake ya hariri. "Kifaa cha bibi huyu kimetuhadaa."

"Kilisema kweli!" Corentin aliinuka, shati halijaona pasi. "Mimi ndiye niliyekizima. Na wewe ndiye uliyeniamuru."

"Kaa chini!"

"Sikai!"

Kabla ya chakula cha mchana Corentin alikuwa ameondolewa kwenye zamu. Ghislaine akamfuata nje, mvua inanyesha.

"Unadhani nitakushukuru?"

"Hapana."

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Mwoga mkubwa wewe!" Akampiga kifuani kwa glavu zake. "Bado nina hasira, unasikia? Nitakutukana wiki nzima!"

"Nitukane. Ila usininyamazie tena, Ghislaine. Nakuomba."

Ghislaine alimtazama, kope zimelowa. Akageuka, akaenda zake kwa hatua za kishindo hadi kwenye kona. Hapo akasimama.

"Sasa unangoja nini kwenye mvua? Twende nyumbani!"