Bakuli la Bibi Mwanakombo

Siku ile walikuwepo watu wanne barazani. Alikuwepo Tunu. Alikuwepo mama yake Tunu. Alikuwepo Sefu, rafiki yake Tunu. Na baadaye akaja Bibi Mwanakombo, bibi yake Sefu.

Kuku mweupe alikuwepo pia. Lakini yeye alifuata punje tu.

Ilikuwa Korogwe, wakati wa masika. Nyumba ya kina Tunu ilikuwa upande huu wa njia. Nyumba ya kina Sefu ilikuwa upande ule.

Sefu alitembea kwa magongo mawili ya mti. Chini ya kila gongo palikuwa na kipande cha mpira. Sefu akitembea, magongo yalisema: pu-pu, pu-pu.

Tunu akisikia pu-pu, alijua. Sefu anakuja.

Kila siku waliketi barazani kwa kina Tunu. Kila siku waliulizana maswali yao matatu.

"Leo mmekula nini?
Leo umetembea mpaka wapi?
Leo nani yupo kwenu?"

Siku ile Tunu alijibu kwanza. Wamekula uji. Ametembea mpaka bombani. Kwao yupo mama. Baba yuko mbali, kwenye mashamba ya mkonge.

Kisha Sefu akajibu. Wamepika maharage ya nazi. Ametembea mpaka hapa tu, maana mpira wa gongo moja umetoka. Kwao yupo Bibi. Mama yake yuko Tanga mjini, anapika hotelini.

"Baba bado," alisema Tunu.

"Mama bado," alisema Sefu.

Wakanyamaza pamoja. Kuku akadonoa. Ko-ko-ko.

Mara Bibi Mwanakombo akavuka njia. Mikononi alibeba bakuli la bati, jeupe, limefunikwa sahani. Alisema amekuja kuwaonjesha maharage yake, wamwambie kama chumvi imezidi.

Chumvi haikuzidi.

Ndani ya bakuli, chini kabisa, palikuwa na ua jekundu. Tunu alikula mpaka akaliona ua.

Mama akaliosha bakuli. Akalifuta vizuri. Akaliweka juu ya meza.

"Bakuli la jirani haturudishi tupu, mwanangu," alisema mama. "Kesho tutaweka kitu."

Tunu akaitikia. Hata Sefu alilijua hilo. Mtaa mzima walilijua.

Lakini kesho yake mvua ilinyesha. Sha-sha-sha.

Mama yake Tunu alifua nguo za watu. Mvua ikinyesha, nguo hazikauki. Nguo zisipokauka, watu hawaleti nyingine.

Ndani palikuwa na unga kidogo. Ulikuwa unga wa uji wao tu.

Bakuli lilikaa mezani. Bakuli lilikuwa tupu.

Mama alisema watasubiri kesho.

Kesho ikafika. Mvua ikasema: sha-sha-sha. Mama akajifunika kanga, akaenda kutafuta kazi. Tunu akabaki nyumbani.

Bakuli lilikaa mezani. Bakuli lilikuwa tupu.

Ndipo Tunu akasikia sauti njiani.

Pu-ko. Pu-ko.

Lilikuwa gongo moja lenye mpira, na gongo moja lisilo na mpira. Sefu anakuja.

Tunu alifurahi. Akasimama. Akataka kukimbia mlangoni.

Kisha akaliona bakuli.

Sefu akiingia, atalijua bakuli la kwao. Atachungulia ndani. Ataliona ua jekundu, na juu ya ua hakuna kitu.

Tunu akafunga mlango polepole. Akaketi nyuma ya mlango, akakumbatia magoti.

"Hodi," alisema Sefu.

Tunu akajikunja zaidi.

"Hodi, Tunu. Ni mimi."

Tunu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye bati. To. To. To.

Sefu alisubiri. Alisubiri muda mrefu. Kisha magongo yakageuka.

Pu-ko. Pu-ko. Pu—

Pwata.



Tunu alitaka kufungua mlango. Mkono haukutaka. Alitaka kuita. Akaliona bakuli tena.

Baada ya muda akasikia tena, polepole sana. Pu... ko. Pu... ko. Sauti ikaenda upande ule wa njia. Ikaisha.

Tunu akachungulia. Kwenye tope palikuwa na alama ndefu ya kuteleza. Sefu alikuwa ameanguka.

Siku iliyofuata, Tunu alisikiliza. Alisikia mvua tu.

Siku nyingine tena, akasikiliza. Alisikia mvua tu.

Mlango wa kina Sefu ulikuwa umefungwa. Njia ilikuwa nyembamba. Lakini siku hizo ilionekana pana kama uwanja wa mpira.

Tunu aliketi barazani peke yake. Akajiuliza maswali yote matatu mwenyewe.

"Leo umekula nini?" Uji.

"Leo umetembea mpaka wapi?" Hapa tu.

"Leo nani yupo kwenu?"

Hilo hakulijibu. Kuku mweupe alikuwa amejikunja chini ya benchi. Hakuuliza kitu.

Jioni mama akarudi. Hakupita njia ya mbele. Alipita nyuma, karibu na choo, penye majani marefu. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

Alimtazama Tunu. Akauliza Sefu yuko wapi siku hizi.

Tunu akaanza kulia. Akasema yote. Akasema hodi ya kwanza na hodi ya pili. Akasema pwata. Akasema alijificha nyuma ya mlango kwa ajili ya bakuli.

Mama akachuchumaa. Akamfuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Unajua kwa nini mimi napita nyuma?" aliuliza mama.

Tunu hakujua.

"Sitaki Bibi Mwanakombo anione. Kwa ajili ya bakuli hilohilo."

Tunu akamtazama mama. Mama akatazama matope yake. Wakacheka kidogo, machozi bado yapo.

Mama akasema labda kesho jua litatoka, watapata kitu cha kuweka.

Tunu akatikisa kichwa. Hakutaka kesho nyingine.

Akaenda nyuma ya mlango. Pale palikuwa na kandambili moja kubwa ya bluu. Ilikuwa ya baba. Ukanda ulikatika siku aliyosafiri, akaiacha. Tunu aliitunza. Wakati mwingine aliingiza mguu wake mdogo ndani, akasimama tu.

Tunu akaibeba kandambili. Akabonyeza kisigino chake. Kilikuwa mpira mzito, mgumu, mzuri.

"Mama, hiki ni kitu?"

Mama akaitazama kandambili. Akamtazama Tunu. Akakumbuka Sefu anatembeaje.

"Ni kitu," alisema mama taratibu. "Lakini ni ya baba. Unataka kweli niikate?"

Tunu akafikiri. Mvua ikasema: sha-sha-sha. Akafikiri tena.

Akamwomba mama akate upande wa kisigino tu. Upande wa vidole ubaki. Pale palikuwa na alama ya kidole gumba cha baba.

Mama akachukua kisu. Akakata viduara viwili. Gongo moja tu ndilo lililokosa mpira, lakini mama alikata viwili, ili magongo yawe sawa.

Tunu akavitia ndani ya bakuli, juu ya ua jekundu. Wakafunika kwa sahani.

Bakuli halikuwa tupu tena.

Wakapita njia ya mbele. Miguu ikasema kwenye tope: chwa, chwa, chwa.

"Hodi," alisema Tunu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Karibuni, karibuni ndani," alijibu Bibi Mwanakombo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Sefu alikuwa mkekani, ametazama ukuta. Goti lake lilifungwa kitambaa. Hakugeuka.

Bibi akasema wamsamehe bwana mkubwa, amenuna siku ya tatu sasa. Anasema Tunu hamtaki tena, kwa sababu magongo yake yanaleta tope barazani.

Tunu akashtuka. Tope? Hakuwahi kuliwaza hilo hata mara moja.

Akasogea mpaka kwenye mkeka.

"Sefu, nilikuwepo," alisema Tunu. "Nilijificha. Bakuli lenu lilikuwa tupu, nikaona aibu."

Sefu akageuka kidogo. Akageuka kidogo tena.

"Tope je?" aliuliza.

"Mimi napenda ukija na tope."

Mama yake Tunu akaanza kuomba radhi kwa kulichelewesha bakuli. Bibi Mwanakombo hakumwacha amalize. Akaweka kiganja shavuni mwa Tunu. Kiganja kilikuwa na joto la jikoni.

"Mabakuli ninayo mengine," alisema Bibi. "Tunu mwingine hatuna."

Kisha Bibi akapokea bakuli. Sefu akasogea kuona. Bibi akafunua sahani polepole.

Sefu akachungulia. Akachungulia tena. Akachukua kiduara kimoja, akakinusa.

"Hiki ni chakula gani?"

"Cha magongo," alisema Tunu.

Sefu akacheka. Alicheka mpaka akashika goti lake bovu, akasema aa, kisha akacheka tena.

Bibi akatafuta misumari midogo na jiwe. Mama akashika gongo. Bibi akagonga. Ngo, ngo, ngo. Gongo la kwanza likapata mpira. Ngo, ngo, ngo. Gongo la pili nalo likapata mpira.

Sefu akasimama. Akaenda mpaka mlangoni. Wote wakasikiliza.

Pu-pu. Pu-pu. Pu-pu.

Akarudi mpaka mkekani. Pu-pu. Pu-pu. Pu-pu.

Bibi akachoma mihogo miwili, wakagawana wote wanne. Kuku mweupe naye akaingia, amelowa, akafuata makombo.

Tunu na Sefu wakaketi bega kwa bega. Wakaulizana.

"Leo mmekula nini?"

Muhogo, wote wawili.

"Leo umetembea mpaka wapi?"

Sefu alisema mpaka mlangoni, mara mbili. Tunu alisema mpaka hapa. Leo hapa palikuwa mbali sana.

"Leo nani yupo kwenu?" aliuliza Sefu.

Tunu akatazama chumbani. Akahesabu kwa vidole.

"Mama," alisema. "Na Bibi. Na wewe."

Kisha akasema, "Baba bado."

"Mama bado," alisema Sefu.

Wakanyamaza pamoja. Wakatafuna.

Giza lilipoanza kuingia, mama na Tunu wakarudi nyumbani. Bakuli lilibaki kwa Bibi. Bibi alilishika mwenyewe, akasema leo litalala kwao.

Tunu akanawa miguu. Akairudisha kandambili nyuma ya mlango, ule upande wa vidole, pale pale ambapo baba ataiona akiingia.

Kisha akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka mpaka kidevuni.

Nje mvua ikasema: sha-sha-sha.

Mvua ile ilinyesha siku nne zaidi. Sefu alikuja siku zote nne.