Shuka la Mama Katarina

"Shilingi mia nne ulinipa za nondo. Shuka sikukuuzia."

Hayo rafiki yangu Egidius wa Bonga alimwambia Bwana Anselm, mtaalamu wa wadudu aliyefika Babati mwaka 1983, wakati kitambaa cheupe hakipatikani hata kwa magendo. Nondo, vipepeo wa usiku, hutegwa kwa taa na kitambaa cheupe, na Egidius alikuwa ameazima shuka ambalo mama yake, Katarina, alijiwekea la kuzikwa nalo. Alikosa, na nilimwambia hivyo usoni.

Walitega msituni, mlima Kwaraa. Mbawa zilipiga shuka kama mchanga unaorushwa. Matumbo manene yalivuja ute wa njano, na unga wa mbawa ukamwingia Egidius mdomoni hadi akatapika. Anselm aliwaokota akitaja familia na jenasi ya kila mmoja. Yule mkubwa kuliko wote akamsogeza karibu na taa.

"Huyu hana familia," akasema. "Na ametaga hapa. Shuka naondoka nalo."

"Mtaalamu mzima, unaiba sanda ya mtu aliye hai?" Egidius akamuuliza.

Akaondoka nalo. Katarina alikufa wiki hiyo, tukamzika na blanketi kuukuu.

Tangu hapo, jua likizama, nondo hujaa ukutani juu ya kitanda chake. Egidius alinionyesha. Wanachora umbo la mtu aliyelala: kichwa, mabega, miguu. Katikati hawagusi.

Jana umbo hilo lilikuwa limenyoosha mkono, kiganja wazi.

Bwana Anselm, rudisha shuka.