Kiti cha Pembeni

Shangazi Ikupa alinisimulia habari hii akichambua maharage, mchana kweupe, nyumbani kwake Tunduma, malori yakipiga honi barabarani. Naianza hivyo ili usidhani ni mambo ya kutishana gizani. Yeye hakutetemeka. Mimi ndiye niliyekuja kutetemeka baadaye.

Babu yangu Barnaba, baba yake Ikupa, alikuwa mpiga picha wa kwanza katika vijiji vya juu ya Nanyala. Kamera aliitoa kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini: kisanduku cheusi chenye jicho mbele na mfuniko nyuma. Watu walimheshimu kuliko karani wa jumbe. Mimi simheshimu, na kwa kuwa amekwisha kufa hawezi kunifanya kitu.

Mwaka 1951 kaka yake alifariki akaacha mke, Ferista, na mibuni mia tatu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Mtoto hawakujaliwa. Barnaba alitaka kumrithi shemeji yake pamoja na kahawa yake. Ferista akakataa.

"Mimi niliolewa kanisani, shemeji," alimwambia. "Na mashimo ya ile kahawa niliyachimba kwa mikono hii."

Akarudi shambani kupalilia, na babu akarudi nyumbani na kinyongo chake.

Mwaka huohuo surua ilipita kijijini ikaua watoto tisa. Watu wakaanza kuulizana ni nani. Zamani wangemnywesha mtu mwavi. Akitapika amepona, asipotapika ndiye mchawi. Lakini serikali ya Mwingereza ilikuwa imeupiga marufuku, na watu walibaki na hofu yao bila kitu cha kuipimia. Babu aliliona pengo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikuwa amegundua mchezo mmoja. Ukipiga picha, kisha ukafungua mfuniko wa nyuma kwa upana wa ukucha na kuufunga upesi, jua huingia na kuilamba filamu ukingoni. Ukija kuisafisha, kwenye karatasi hutokea mwali mweupe, kama moto unaoingia kutoka kando, na aliyekaa upande huo hufunikwa kichwa. Alifanya mazoezi wiki mbili kwa kuupiga picha ukuta wa zizi, mpaka akawa anauweka mwali pale anapotaka. Halafu akaanza kupitisha neno taratibu, kwenye pombe na baada ya ibada. Kule migodini, alisema, Wazungu huwatambua wachawi kwa kamera. Mchawi ana moto wake. Macho hayauoni, kamera inauona.

"Kamera haina ndugu," alipenda kumalizia.

Jumapili moja, baada ya ibada, aliwapiga picha akina mama wote. Picha tatu. Ferista alikaa kwenye kiti cha pembeni. Zote tatu zilitoka na mwali uliomla kuanzia bega hadi utosini.

Sitasimulia yote yaliyofuata, yananitia uchungu. Nyumba yake ilichomwa mchana, Mzee Mbonile, mkuu wa ukoo, akiwa amesimama palepale. Ferista hakulia. Alimwendea babu, akaiomba ile picha, akaitazama kwa muda mrefu, akamrudishia.

"Naona sikukaa vizuri, shemeji," alisema. "Siku nyingine nitakaa vizuri."

Ilikuwa Julai, na baridi ya milimani kwetu mwezi huo haina huruma. Walimkuta siku ya tatu kando ya barabara ya Tunduma. Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, amekufa.

Babu aliivuna ile kahawa msimu mmoja.

Mwaka uliofuata Ikupa alichumbiwa na Lwitiko, mwalimu wa shule ya misheni. Shangazi alimpenda kijana yule, na aliniambia hivyo bila haya akiwa na miaka zaidi ya themanini. Wakwe waliomba picha ya binti wamtumie mjomba wao aliyekuwa kazini migodini. Babu akaipiga. Alipoisafisha, aliona mstari mwembamba mweupe ukingoni.

Hakuwa amefungua mfuniko.

Akapiga nyingine. Mstari ulikuwa umesogea. Akaiziba kamera kwa nta ya mshumaa, akaizungushia kitambaa cheusi, akapiga kivulini. Umesogea. Akamweka binti upande wa pili. Mstari nao ukahamia upande wa pili. Kila picha ulikuwa karibu zaidi na kichwa chake, kwa upana wa kidole kimoja. Alizichoma zote jikoni, akawaambia wakwe kuwa filamu imeharibika.

"Baba, ni nini?" Ikupa alimnong'oneza.

"Nyamaza."

Siku ya kuleta mahari yule mjomba alifika mwenyewe, na kamera yake mpya. Babu alisema jua ni baya. Alisema kuna vumbi. Mjomba alicheka, akapiga. Wiki mbili baadaye alirudi na picha zilizosafishiwa Mbeya, naye hakuwa anacheka tena. Alizipanga mezani mbele ya Mzee Mbonile.

"Tazama mwenyewe, mukwai," alisema, kwa neno la heshima la kule migodini.

Watu wote walionekana, hata kuku waliokuwa uani. Ikupa hakuwa na kichwa. Mahali pake palikuwa na moto mweupe.

"Kamera haina ndugu," Mbonile alisema kwa sauti ya chini. "Hayo ni maneno yako, Barnaba."

Hapo hila zilimwishia babu. Walichomfanyia Ferista alikijua vizuri, na sasa zamu ilikuwa ya mwanawe. Akapiga magoti akasema kweli yote: mfuniko, ukucha, ukuta wa zizi, kahawa. Akasema Ferista hakuwa mchawi, wala Ikupa si mchawi, ni jua tu. Hawakumwamini. Baba gani asingetunga uongo ili kumwokoa binti yake?

Basi akasema atawaonyesha. Aliwapanga uani, watu kumi na sita, wote wamesimama. Akapiga. Kisha, mbele ya macho yao, akafungua mfuniko. Si kwa ukucha. Wote. Akaielekeza filamu kwenye jua la saa sita, akahesabu hadi ishirini. Filamu ile ilipaswa kuungua yote. Mpiga picha yeyote atakwambia.

Akaingia kwenye chumba cha giza pamoja na Mbonile, ili asije akaambiwa ameibadilisha. Watu walingoja. Hakuna aliyekaa chini. Jua lilikuwa limeanza kuteremka walipotoka na karatasi ikidondosha maji.

Ilikuwa safi.

Hakuna mwali. Hakuna hata doa. Kila uso ulionekana, kila kifungo cha shati. Wakahesabu. Kumi na sita, wamesimama. Na mbele yao, viti viwili. Hakuna aliyekuwa ametoa viti. Kimoja kilikuwa kitupu. Kwenye kingine, mikono juu ya magoti, uso wazi kabisa, alikuwa Ferista.

Alikuwa amekaa vizuri.

Waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Lwitiko aliondoka na mjomba wake, akageuka nyuma mara moja tu. Nyumba ya babu hawakuichoma. Hata kuikaribia waliogopa. Ikupa alishuka Tunduma, akauza maharage sokoni maisha yake yote, na hakuolewa. Babu aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na tangu siku ile kila alipomtazama mtu aliona weupe mahali pa uso. Alimzika mkewe bila kuiona sura yake. Nasema alistahili.

Lakini shangazi nilimwonea uchungu, nikamwuliza. "Wewe kosa lako lilikuwa nini? Ferista angemfuata babu peke yake."

Aliacha kuchambua maharage.

"Kile kiti cha pembeni nilikiweka mimi," alisema. "Baba aliniambia nikiweke pale. Nilikuwa nimeziona picha za ukuta wa zizi, mwanangu. Nilijua. Nikakifuta vumbi, nikamwambia, mama mkubwa, kaa hapa."

Kisha akanipa ile picha. Alikuwa ameitunza ndani ya Biblia yake miaka yote hiyo, akanipa na Biblia yenyewe. Niliiona kama alivyosimulia: kumi na sita wamesimama, Ferista ameketi, na kiti kitupu kando yake.

Shangazi alifariki mwaka jana. Tulimvika viatu vyake vyeusi vya kanisani. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikatika nilipokuwa naikaza, nikaiunga kwa fundo, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kutafuta nyingine. Tukamzika saa tisa alasiri. Niliporudi nyumbani niliifungua Biblia.

Ferista yuko palepale. Lakini sasa kuna mwali mweupe umeingia kutoka ukingoni, umesimama juu ya kile kiti cha pili, umefunika kila kitu kuanzia juu hadi magotini. Chini yake inaonekana miguu miwili ya mwanamke. Viatu vyeusi. Kamba ya kushoto ina fundo.