Dodoso la Arobaini

Wino ulikuwa wa bluu. Brayan hakuwa na shaka juu ya hilo, maana ile pedi ya mhuri aliinunua mwenyewe dukani karibu na stendi ya Babati. Lakini Ijumaa asubuhi, alipoamka kwenye chumba chake cha gesti, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa cheusi. Akakisugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa dawa ya meno. Kikabaki vilevile. Alipokinusa kilinuka mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki mafuta yakishakamuliwa.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Brayan alijipaka losheni akaenda kunywa chai.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea usalama na afya mahali pa kazi, mmoja wa wale vijana ambao wakishaning'iniza kitambulisho cha chuo shingoni hudhani wamemaliza kusoma. Mwalimu wake, Dakta Aminiel, alikuwa na mradi wenye jina refu kuliko faida yake: ushirikishwaji wa wanafunzi katika utafiti wa usalama kazini. Maana yake ilikuwa kwamba mwanafunzi ale vumbi na Dakta ale sifa. Brayan alipangiwa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti huko Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Akapewa madodoso arobaini, kila moja na fomu yake ya ridhaa, ambayo mfanyakazi hutia sahihi au dole gumba kuonyesha kwamba amekubali kuhojiwa kwa hiari yake na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote.

Aliwahoji kumi na mmoja. Siku ya pili vumbi la maganda lilimkera, na watu wenyewe walimchosha, wakulima walioshuka kutoka milima ya Mbulu, ambao swali moja hulijibu kwa habari ya shamba zima. "Hawa hawajui hata kinachowaumiza," alisema moyoni. Akavuka barabara mpaka kwa mama lishe, akaagiza chipsi mayai, akaanza kuwajibia. Wanafunzi wenyewe huita jambo hilo kupika data, na Brayan alikuwa mpishi hodari. Umewahi kuumia kazini? Hapana. Mikanda ya mashine ina kinga? Ndiyo. Unaridhika na usalama wako? Ndiyo. Majina aliyatoa kwenye daftari la mahudhurio. Alama aligonga kwa vidole vyake mwenyewe, akivibadilisha ili visifanane, akajiona mjanja.

Daftari likaishia mtu wa thelathini na tisa. Nyuma ya mashine kubwa, kwenye msumari, ilining'inia ovaroli iliyoshonwa jina kifuani: PASKASI GWANDU. Hakuuliza ni nani wala yuko wapi. Aliandika jina, akaandika Hapana, Ndiyo, Ndiyo, akagonga dole gumba la kulia, kazi ikaisha.

Sasa, aliporudi chumbani kutoka kunywa chai Ijumaa hiyo, alikuta dodoso la arobaini liko juu ya rundo, ingawa alikuwa ameliweka chini kabisa. Lilikuwa na madoa ya mafuta. Kwenye swali la kuumia, ile Hapana ilikuwa imekatwa, na juu yake mtu alikuwa ameandika Ndiyo kwa herufi za kupinda, kama za mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Brayan alidhani ni mzaha wa mhudumu wa gesti. Akalichana, akajaza jipya, akaliweka mbele yake mezani na kulitazama. Ilipofika saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati na mji mzima ukila, alisikia mkanda wa mashine ukipiga ndani ya chumba chake. Pa. Pa. Pa. Akageuka kutazama mlango, akarudisha macho mezani, na karatasi ilikuwa tayari imejibiwa: *Ndiyo. Mkono. Halafu mwili.*

Hapo ndipo msomi wetu alipokumbuka njia ya Bonga.

Kesho yake alifika kiwandani saa hiyohiyo ya mchana, wafanyakazi wametoka kwenda kula. Alimkuta Mama Skolastika peke yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akizoa mashudu kwa koleo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Wewe si yule wa makaratasi? Mimi hukunihoji."

Kwenye dodoso la ishirini na tisa Mama Skolastika alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita, mwenye furaha. "Mama, huyu Paskasi ni nani?" Brayan aliuliza.

Koleo likasimama. "Punguza sauti. Nani amekupa hilo jina?"

"Nimeliona kwenye ovaroli."

"Ukafanya nini nalo?"

Alimwambia, akipunguza hapa na pale, kwa kuwa hata hofu haikuwa imemfundisha kusema kweli. Mama Skolastika alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga.

"Paskasi alivutwa na ule mkanda," alisema kwa mnong'ono. "Mwaka jana, mwezi wa saba. Ulianza na mkono. Tajiri akasema amegongwa na bodaboda kule Singe, na sisi tukatishwa tusiseme. Hapa tuna desturi yetu: ovaroli ya aliyefia kazini haishushwi mpaka mwenye kiwanda aende kwao, awaambie wazazi alivyokufa. Hajaenda. Kwa hiyo ipo. Na wewe umechukua jina lake ukaandika kwamba hakuumia?"

"Nilikuwa natimiza idadi tu, mama."

"Idadi." Alitema mate pembeni. "Pale aliposimama Paskasi sasa anasimama Martha, binti yangu. Tuliposikia mnakuja tukasema, afadhali, wasomi wataona mkanda hauna kinga, wataandika. Kumbe wasomi wenyewe ndio nyie."

Brayan alifungua kinywa kujitetea, na ndipo umeme ulipokatika na feni ikanyamaza, na katika kimya hicho, bila moto wowote kwenye mota, mkanda mkubwa ulianza kuzunguka, polepole kwanza, pa, pa, kisha kwa kasi, na harufu ya alizeti iliyoungua ikajaa kooni mwake mpaka macho yakatoka machozi, na alipotazama kule kwenye msumari aliona ovaroli ikijifunga vifungo kimoja baada ya kingine kuanzia chini, kifua kikijaa, mkono wa kushoto ukinyooka, mkono wa kulia ukibaki umelegea, mtupu, na kutoka mahali ambapo pangekuwa na uso, pasipokuwa na kitu ila giza katikati ya mchana, sauti ya upole ikamwuliza: "Swali linalofuata?"

Alikimbia. Begi la chuo lilibaki hapohapo.

Mama Skolastika, ambaye hakuwa na sababu ya kumsaidia, ndiye aliyempeleka kijiji cha Mutuka kwa Mzee Rashidi, mtu wa Kondoa anayejulikana kwa kutoa majini. Mzee alisikiliza, akafukiza ubani, akamshika Brayan kichwa na kusoma kwa muda mrefu. Kisha akaamuru: "Toka."

Brayan alisikia kinywa chake kikijibu kwa sauti isiyo yake. "Nimeingia kwa ridhaa. Dole gumba liko kwenye fomu. Imeandikwa nitajitoa kwa hiari yangu, na hiari hiyo sina."

Mzee Rashidi akaachia mikono.

"Huyu si marehemu," alisema. "Marehemu amelala. Huyu ni jini. Vazi la mtu aliyekufa bila haki halikai tupu, na wewe umelipatia kilichokuwa kimepungua, yaani kidole. Kusoma kwangu kutamtuliza siku chache tu. Mwenye kumtoa ni wewe. Andika ukweli wa Paskasi, uusome mbele ya tajiri. Uongo ndio nyumba yake. Ibomoe, atatoka."

Lilikuwa jambo jepesi, hata mtoto angeliweza. Brayan alimpigia simu Dakta Aminiel.

"Mwanangu," Dakta alisema, na nyuma yake glasi ziligongana, "arobaini ni arobaini. Tajiri huyo ndiye mgeni rasmi siku ya kuwasilisha. Unataka nimkaribishe mgeni rasmi halafu nimwambie ameua mtu? Ukibadilisha, alama huna, na mwaka unaurudia."

Brayan alijifikiria nafsi yake, kazi aliyokuwa akiifanya kwa bidii siku zote. Alifikiria joho la mahafali. Alimfikiria na Martha kidogo, tumtendee haki, kama dakika moja. Kisha akajaza dodoso la arobaini kwa mara ya tatu: Hapana, Ndiyo, Ndiyo.

Karatasi haikubadilika. Siku ya kuwasilisha Dakta alitangaza kwamba kiwanda cha Bonga ni mfano wa kuigwa, tajiri akapigiwa makofi, na Brayan akatajwa kama mwanafunzi aliyeshirikishwa kikamilifu. Jioni alinawa mikono, na kidole kikatoka safi. Akacheka peke yake. Mzee wa Kondoa, ubani na vitisho vyake, watu wa zamani bwana. Hakukitazama kidole vizuri. Angekitazama angeona hakina mstari hata mmoja, laini mithili ya yai.

Miezi minne baadaye, akiwa na joho lake tayari limepigwa picha, aliingia duka la simu pale mjini kusajili laini mpya. Msichana wa duka, Kindness, aliingiza namba yake ya kitambulisho, akamsogezea kile kimashine cha alama za vidole.

"Weka dole gumba, kaka. La kulia."

Aliweka. Kimashine kikalia kukubali. Kindness akainamia kioo cha simu yake kusoma majibu.

Simu ya zamani ya Brayan ikaita mfukoni. Alikuwa Mama Skolastika, akizungumza chinichini.

"Sikupigii kukusalimia. Martha nilimtoa siku ileile uliyokimbia, anauza nyanya, sisi hatuna neno. Ila nimeingia leo kuzoa mashudu, ovaroli ya Paskasi haipo. Pale msumarini pana nyingine, mpya. Imeshonwa jina lako."

Nyuma ya sauti yake mkanda ulikuwa ukipiga. Pa. Pa. Brayan aliondoa simu sikioni, lakini mlio haukupungua. Alijaribu kuinua kidole kutoka kwenye kimashine, na kidole kikakataa. Harufu ya mashudu ilikuwa imejaa dukani, na hakuna mwingine aliyeonekana kuisikia.

"Hapa inasoma Paskasi Gwandu," Kindness alisema. "Ndiye wewe, kaka?"

Brayan alitaka kusema hapana. Alilifungulia kinywa neno hilo, neno aliloliandika mara nyingi hivyo, akasikia mtu akimjibia.

"Ndiyo," alisema yule mtu kwa upole. "Swali linalofuata?"